Mfuko wa Sinia

Mgeni aliingia kibarazani bila kupiga hodi, akitanguliwa na mfuko wake.

Ulikuwa mfuko mmoja tu, lakini ulichukua upande mzima wa koti, kutoka begani hadi kiunoni, na ndani yake palisimama kitu cha bapa kilichomlazimu kugeuka mwili mzima kila alipotaka kutazama pembeni. Siwema akaacha kukanyaga cherehani. Mwasiti, aliyekuwa bado anamcheka mteja aliyekwisha kuondoka, akakimeza kicheko chake.

"Fundi hapa ni nani?" mgeni akauliza.

"Mimi," wakajibu wote wawili kwa pamoja, na kila mmoja akachukia kidogo kwamba mwenzake naye amejibu.

Mgeni akaeleza kwamba yeye ni Bwana Anatoli, Afisa wa Upana wa Wilaya, na kwamba amekuja kuwaletea uhuru wa kuchagua.

Jina la nchi yao haliwezi kuandikwa hapa, maana wakati huo lilikuwa bado kwenye kamati. Inatosha kusema kwamba katika nchi hiyo palikuwa na simu za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, inayoenea mkononi, na watu waliiita kiganja. Ya pili ilikuwa kubwa kuliko simu na ndogo kuliko kompyuta, kama kitu kilichoanza safari ya kuwa kitu kingine kikaishia njiani. Hiyo waliiita sinia. Kwa miaka mingi mtu alinunua anachokitaka na hakuna aliyemuuliza. Kisha siku moja Mheshimiwa Mtazamaji Mkuu akainua sinia lake kwenye televisheni na kutangaza kwamba taifa lenye kioo kipana ndilo lenye mtazamo mpana. Kabla wiki haijaisha ikaundwa Wizara ya Upana, ikapewa jengo jembamba kuliko yote mjini, kwa kuwa ndilo lililokuwa tupu.

Tangu hapo hotuba za Mheshimiwa zilirushwa kwa kipimo cha sinia. Mwenye kiganja alimwona kuanzia kidevu hadi kifungo cha pili cha shati. Raia wengi walikuwa wanakipenda kwa dhati kidevu hicho. Walikijua kikikasirika, walikijua kikiwa na furaha, na siku kilipochelewa kunyolewa nchi nzima ililala na wasiwasi.

Desturi nayo ikafuata. Watu wawili wakikutana, kabla ya salamu, kila mmoja alilaza simu yake mezani, au pajani kama meza haipo. Mwenye simu pana ndiye aliyeanza kuzungumza. Mwenye nyembamba alisubiri asemeshwe, na akisemeshwa alicheka kwanza ndipo akajibu. Simu zikilingana, wenyewe waliongea kwa pamoja, na ndiyo maana sokoni hapakusikika kitu cha maana. Siwema na Mwasiti wote walikuwa na viganja. Walikuwa wakiongea kwa pamoja tangu siku waliyokodi kibaraza kile, na kwa kuwa sauti ya Mwasiti ilikuwa kubwa zaidi, watu waliamini kwamba Siwema ni mpole.

*

Bwana Anatoli akalitoa sinia kwa mikono miwili, akalilaza juu ya meza ya kukatia. Likafunika gauni zima la mtoto.

"Kila raia," akaanza, kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja, "yuko huru kuchagua kati ya kiganja na sinia. Serikali haimlazimishi mtu. Kazi ya serikali ni kumjulisha tu alichochagua. Siku ya Kioo inakuja, na kila kata itapata sinia moja. Wataalamu wamekaa wakaona kwamba sinia bila mfuko ni mzigo. Na mfuko unatoka kwa nani?"

"Kwa fundi," wakasema.

"Kwa fundi! Kwa hiyo sinia la kata hii litakwenda kwa fundi mzalendo. Atakayelipata atakuwa mzungumzaji wa kwanza kwenye kata nzima, na atashona mifuko ya maafisa wote wa wilaya. Atakayelikosa atakuwa amechagua kiganja, kwa hiari yake, na uamuzi wake utaheshimiwa hadi mwisho wa maisha yake."

"Analipataje?" akauliza Mwasiti.

"Atapanda jukwaani amevaa gauni lenye mfuko halali. Sinia litatiwa humo. Atatembea hadi kwenye mlingoti wa bendera na kurudi. Sinia lisidondoke, lisiiname, wala lisichungulie."

"Ah, hilo tu? Basi nitajishonea leo hii."

"Hapana, mama. Fundi kujishonea mwenyewe ni upendeleo. Sheria inakataza mgongano wa maslahi. Kila mshindani atashonewa na fundi mwingine."

Siwema akatazama huku na huku, kama vile fundi mwingine angeweza kuwa amejificha nyuma ya pazia la kujaribia nguo. "Bwana Afisa, kata hii ina mafundi wawili tu. Mimi na huyu."

"Serikali inalijua hilo," akasema Bwana Anatoli kwa upole. "Ndiyo maana mmeteuliwa nyinyi wawili. Ili pasiwe na mgongano."

Kabla ya kuondoka aliwaruhusu walishike. Siwema akalipokea kwanza. Lilikuwa zito na baridi. Kidole gumba kilinyooka kadiri kilivyoweza, kisifike hata katikati ya kioo. Akajaribu kuliweka sikioni, akaona giza upande mmoja wa dunia. Akawaza kiganja chake, kinachokaa kwenye pindo la khanga bila kumsumbua mtu, na moyoni akajisemea wazi kabisa: mimi hiki kidude sikitaki.

Kisha Mwasiti akalipokea. Akalitazama. Macho yake yakawa makubwa na laini, kama ya mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemtarajia.

Hapo hapo Siwema akalitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

*

"Shoga," Mwasiti alisema gari la afisa lilipopotea, "tusije tukagombana kwa ajili ya kioo."

"Tugombane kwa lipi?"

"Basi niahidi. Utanishonea mfuko wangu kama vile unajishonea wewe."

"Nakuahidi. Na wewe?"

"Mimi tena! Kwani hunijui?"

Siwema alimjua, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Alijua kwamba kibaraza walikipangisha pamoja, lakini mji mzima ulikiita Kwa Mwasiti. Alijua kwamba cherehani ya Mwasiti ipo karibu na ngazi, na mteja anayepanda ngazi humwona Mwasiti kwanza, humsalimu Mwasiti kwanza, humwachia Mwasiti kitambaa cha harusi na Siwema kaptula za shule. Haya yote aliyavumilia kwa miaka bila kuyatazama usoni. Sasa aliyatazama. Akagundua kwamba hata siku ya msiba wa mama yake yeye Siwema, watu waliingia na kumpa pole Mwasiti, kwa kuwa ndiye aliyekuwa analia kwa sauti.

Siku zilizofuata hazikumsaidia. Bi Saada, mteja wao mnene mwenye mdomo usiopumzika, alipanda ngazi akiwa na kitambaa begani.

"Hongera, Mwasiti! Nimesikia unapata sinia!"

"Bado, Bi Saada, bado," Mwasiti akasema, akicheka. "Tunashindana na Siwema."

"Siwema?" Bi Saada akamtafuta kwa macho, akamkuta alipokuwa siku zote. "Ala! Na wewe umo? Sasa wewe ukilipata utasema nini na sinia, mwanangu? Si unanyamaza tu?"

Wakacheka wote wawili. Siwema naye akacheka, kwa desturi.

"Lakini Siwema ana mkono mzuri," Mwasiti akaongeza. "Mfuko wangu anashona yeye. Nitatembea kama bibi harusi."

Maneno hayo yalikuwa ya kumsifu. Siwema aliyageuza upande wa pili, akaona bitana yake: nitatembea mimi, utashona wewe.

Kuanzia hapo aliyageuza yote. Mwasiti akiimba, alikuwa anazoeza sauti ya kuongea kwanza. Mwasiti akimletea chai, alikuwa anamuaga kwa heri. Mchana mmoja alimwona amesimama mbele ya kioo cha wateja, amekilaza kiganja chake kwenye kigoda, anazungumza peke yake na kutua kila baada ya sentensi, akiacha nafasi ya watu wasiokuwepo kucheka. Siwema akarudi nyuma polepole.

Gauni la Mwasiti alilishona vizuri. Lilikuwa la zambarau, lenye mabega yaliyokaa na kiuno kilichotulia, gauni ambalo hata mwenye wivu hakuweza kulikosea. Lakini alipofika kwenye mfuko mguu wake ukakataa kukanyaga cherehani. Akachukua sindano ya mkono, akapiga bandi: ile mishono mirefu, ya kulegea, ambayo fundi huipiga ili kitambaa kikae mahali pake kwa muda, kisha hushika ncha ya uzi na kuivuta yote ikatoka kwa mkupuo mmoja. Alitumia uzi wa zambarau ileile, usionekane. Kwa nje ulikuwa mfuko kamili. Ungeweza kubeba leso.

Nitaupitisha kwenye cherehani kesho, akajiambia. Kesho yake akajiambia hivyo hivyo, kwa unyofu uleule.

*

Siku ya Kioo uwanja ulijaa. Picha ya Mheshimiwa ilitundikwa nyuma ya jukwaa, na kwa heshima ya wananchi wenye viganja ilikatwa ianzie kwenye kidevu. Mbele yake walikaa wajumbe wa Kamati ya Mfuko: Mheshimiwa Diwani, ambaye sinia lake lilishikiwa sikioni na msaidizi; Bwana Anatoli; na mjumbe wa tatu aliyekuwa mwakilishi wa wasiokuwa na simu kabisa, ambaye kwa mujibu wa desturi hakuruhusiwa kusema lolote.

"Ndugu wananchi," Diwani akaanza, "wapo maadui wanaosema kwamba hapa hakuna uchaguzi. Leo watajionea wenyewe. Hawa kina mama wawili watachagua, mbele yenu, na sisi tutawatangazia walichochagua!"

Makofi yakapigwa.

Utaratibu ulitaka kila gauni libaki kwa aliyelishona hadi mvaaji wake atakapoitwa, ili lisichezewe. Siwema akaitwa kwanza. Mwasiti akamkabidhi gauni la kijani lililokunjwa vizuri, huku akitazama bendera.

"Vaa, shoga," akasema.

Siwema akavaa nyuma ya pazia. Lilimkaa vizuri. Bwana Anatoli akaliingiza sinia mfukoni, akarudi nyuma, akaguna kwa kuridhika. Siwema akaanza kutembea. Kwa mara ya kwanza maishani watu wote walimtazama yeye, na alishangaa kuona kwamba haiumi. Akawaza neno la kwanza atakalosema. Hakuwa na neno. Akawaza atalipata akifika kwenye mlingoti.

Hakufika. Njiani alisikia sauti ndogo kiunoni, sauti ambayo hakuna mtu mwingine uwanjani aliyeweza kuitambua isipokuwa mmoja: uzi mrefu unateleza kwenye matundu yake, ukitoka wote, kwa mkupuo mmoja.

Sinia likaangukia kwenye vidole vya miguu vya Bwana Anatoli, aliyekuwa akimfuata kwa karibu. Bwana Anatoli akaliinua, akalikagua pande zote, akalipuliza vumbi, na baada ya hayo yote ndipo akapiga kelele.

Uwanja ukaangua kicheko. Siwema akashika upande wa mfuko uliokuwa unaning'inia. Uzi wa kijani ulining'inia nao. Ulikuwa bandi.

"Mshindani wa kwanza," Diwani akatangaza, "amechagua kiganja! Tumpongeze kwa uamuzi wake!"

Wakampongeza kwa muda mrefu.

*

"Mshindani wa pili!"

Siwema alikuwa amekaa kwenye ngazi za jukwaa, kikapu chenye gauni la zambarau miguuni pake. Mwasiti alikuja akasimama mbele yake, amenyoosha mikono kulipokea. Hakuweza kumtazama.

Siwema alijua nini kingefuata kama angempa tu. Uzi wa zambarau ungeteleza kama ulivyoteleza wa kijani. Watu wangecheka mara ya pili, kwa sauti zaidi, maana Mwasiti anajulikana zaidi. Sinia lingerudi wizarani, na jioni wangekaa kibarazani, viganja viwili sawasawa, hakuna wa kuongea kwanza. Na hakuna ambaye angeweza kumlaumu, kwa sababu sasa ilikuwa wazi nani alianza. Wivu ulimweleza haya kwa sauti ya busara kabisa, ukayaita usawa. Kumpa mfuko mzima kulimaanisha kusubiri, kila asubuhi, miaka yake yote iliyobaki, hadi Mwasiti aseme neno.

Lakini alikuwa ameahidi. Mwasiti ahadi ya kwake alishaivunja. Iliyobaki ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya Siwema peke yake. Ndicho kitu pekee siku ile ambacho hakikuhitaji kutangazwa na mtu.

Akachomoa sindano na uzi kikapuni, akalitoa lile la zambarau, akaligeuza ndani nje juu ya magoti.

Mwasiti akaiona mishono. Fundi haonyeshwi bandi mara mbili.

"Na wewe?" akanong'ona.

"Na mimi."

"Hapo jukwaani!" Diwani akaita. "Fundi anafanya nini?"

"Ninashona, Mheshimiwa."

"Kushona? Siku ya Kioo? Bwana Anatoli, hili limo kwenye utaratibu?"

Bwana Anatoli, akiwa ameshika mguu wake, akasema kwamba utaratibu haukatazi wala hauruhusu, kwa hiyo ni hatari. Ikaundwa kamati ndogo palepale. Ikajadili kama sindano inaweza kuelekezwa upande wa kidevu cha Mheshimiwa. Ikajadili kama uzi ni wa fundi au ni wa taifa. Mjumbe wa tatu aliombwa maoni, akakumbushwa kwamba haruhusiwi kuyatoa, na kunyamaza kwake kukanakiliwa.

Mwasiti alikuwa amechuchumaa. "Acha, Siwema. Tukose wote, yaishe."

"Shika hapa. Vuta, kisijikunje."

Mwasiti akashika kitambaa, akakivuta. "Mimi sistahili hiki unachonifanyia."

"Hustahili. Vuta vizuri."

"Nilikuona siku ile Bwana Afisa alipokupa kwanza. Kwa nini alikupa wewe kwanza? Nikawaza, mkono wake ni mzuri kuliko wangu, wanajua, wote wanajua, wananifuata mimi kwa kelele zangu tu, na siku moja watagundua..."

Sindano ya Siwema ilisimama. Miaka yote ile hakuwahi kuwaza kwamba upande wa pili wa kibaraza kulikuwa na mtu anayemwonea wivu. Kwa muda mfupi alitaka kucheka, kisha akataka kulia, kisha hasira yake ikarudi mahali pake, kwa kuwa haikuwa imemaliza.

"Usinisemeshe," akasema. "Nina hasira na wewe mpaka siuoni uzi."

"Sasa kwa nini unashona?"

"Nilikuahidi. Kama ninavyojishonea mimi."

Alishona mshono wa kurudia, sindano ikirudi nyuma nusu hatua kila inapokwenda mbele, mishono midogo iliyobanana. Kwenye pembe alirudia tena, maana uzito wote hukaa kwenye pembe. Mara mbili alijichoma. Watu wa mbele walikuwa wameacha kucheka, wakawa wanatazama tu, kama watu wanavyotazama mkono unaojua kazi yake.

"Kamati ndogo," Diwani akatangaza hatimaye, "kwa kuzingatia maslahi mapana ya taifa, imeridhia fundi aanze kushona!"

Siwema akakata uzi kwa meno. "Nimemaliza, Mheshimiwa."

Mwasiti alivaa. Bwana Anatoli akaliingiza sinia kwa tahadhari kubwa, akasogeza vidole vyake mbali. Mwasiti akaanza kutembea, kwanza kwa woga, mkono mmoja karibu na kiuno. Watu wakaanza kumwita jina. Wakalirudia. Akauacha mkono ushuke. Mabega yakapanda, kichwa kikainuka, na Siwema, aliyekaa kwenye ngazi na gauni lake lililochanika, aliona kwamba kweli anatembea kama bibi harusi. Wivu ulikuwa bado upo, umekaa naye pale pale kwenye ngazi, bega kwa bega. Hakuufukuza.

Hakumtazama Mwasiti usoni. Aliutazama mfuko.

Kwenye mlingoti Mwasiti akageuka ghafla, kwa madaha, mgeuko wa kuchana bandi yoyote duniani. Sinia likagonga pembe. Siwema akabana pumzi.

Mfuko ukashika.